Dawa za kusimamisha balehe na marufuku ya Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni ukalimani hospitalini, Uingereza. Maswali haya sikuyatunga. Nimeyasikia kwenye korido za kliniki, kwenye basi la kurudi nyumbani, na kwenye sauti za WhatsApp zinazoingia saa tano usiku zikianza na "samahani dada, umelala?" Mimi si daktari. Ninaeleza kilichoamuliwa, kinachobishaniwa, na maneno yanayotuchanganya. La mwili wa mwanao muulize daktari wake.

## Kuijua dawa yenyewe

1. Dawa za kusimamisha balehe ni nini?

Ni sindano zinazonyamazisha amri ya mwili ya kubalehe. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo iitwayo pituitari. Wakati ukifika, ubongo huanza kuipelekea ishara kwa vipindi, mithili ya mtu anayebisha hodi, nayo huamsha kokwa za mvulana au ovari za msichana. Dawa hii hubisha hodi mfululizo bila kupumzika. Siku za mwanzo tezi huitikia kwa nguvu, kisha huchoka na kuacha kuitikia. Testosteroni au estrojeni hushuka, na mabadiliko husimama: matiti hayaendelei kukua, hedhi haiji, sauti haiwi nzito.

Uingereza inayotumika zaidi inaitwa triptorelini. Haikuanzia kwa watoto hawa wanaobishaniwa. Dawa za kundi hilo hutibu saratani ya tezi dume na endometriosisi (tishu kama za ndani ya mji wa mimba kuota nje yake), na zimo kwenye matibabu ya kupandikiza mimba. Babu na mjukuu wanaweza kuandikiwa dawa moja kwa sababu mbili zisizohusiana kabisa.

2. Ndiyo ile sindano ya miezi mitatu?

Hapana, na hili nimejifunza kwa aibu. Siku moja daktari alitaja sindano inayodungwa kila miezi mitatu, nami nikaisema hivyohivyo. Mama aliyekaa mbele yangu akanigeukia, mkoba akaubana kifuani: "Dada, mwanangu ana miaka kumi na miwili. Uzazi wa mpango wa nini?" Daktari alikuwa bado anaongea, ikabidi nimwombe anyamaze kidogo turudi nyuma. Kosa lilikuwa langu. Kwetu ukisema sindano ya miezi mitatu umesema Depo, basi.

Depo hutumiwa na aliyekwisha kubalehe ili asipate mimba, na haisimamishi balehe. Dawa tunayoizungumzia haitolewi kama kinga ya mimba. Zinachofanana ni ratiba tu, kwani nyingine hudungwa kila mwezi na nyingine baada ya miezi mitatu hivi.

Tangu siku ile sisemi hata "vizuia balehe", ingawa wengi huandika hivyo. Kwa watoto wenye dhiki ya kijinsia (swali la 4) dawa hutolewa balehe ikiwa imeshaanza: kifua cha msichana kimeanza kuvimba, au kokwa za mvulana zimeanza kukua. Kilichokwisha kuanza hakizuiwi, husimamishwa.

3. Binti yangu wa miaka sita anadungwa dawa hii kwa sababu alianza kuota matiti. Naye amepigwa marufuku?

La. Balehe ikianza kabla ya miaka 8 kwa msichana au kabla ya miaka 9 kwa mvulana, madaktari huiita balehe ya mapema, na dawa hizi ni tiba yake ya siku nyingi. Lengo ni kuisubirisha hadi umri ufaao, kisha sindano inaachwa na mwili unaendelea. Marufuku haikugusa tiba hiyo.

Nasisitiza kwa sababu namjua mzazi aliyeruka miadi ya binti yake baada ya kusikia habari redioni. Usifanye hivyo. Piga simu kliniki uulize.

4. Basi ni watoto gani wanaobishaniwa?

Ni wale wanaoona kwamba jinsi waliyozaliwa nayo hailingani na wanavyojihisi, na jambo hilo likawatesa. Nitaiita dhiki ya kijinsia. Kwao dawa ilitolewa kwa hoja kwamba kusimamisha balehe kungewapa nafasi ya kufikiri na kuwaepusha na mabadiliko ya mwili yanayowaumiza.

5. Ni sawa na homoni au upasuaji?

Hapana. Sindano hii hunyamazisha homoni za mwili wenyewe. Homoni za kubadili umbo, yaani testosteroni kwa aliyezaliwa msichana au estrojeni kwa aliyezaliwa mvulana, ni hatua nyingine. Upasuaji ni hatua ya tatu, na huduma ya afya ya taifa ya England, NHS, haiwafanyii walio chini ya miaka 18. Mitandaoni hatua hizi tatu husemwa kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo mazungumzo huharibika kabla hayajaanza.

## Ilikotoka

6. Nani walianza kuwapa watoto wenye dhiki ya kijinsia?

Waholanzi, miaka ya 1990. Masharti yao yalikuwa makali: dhiki iwe imeanza utotoni, mtoto asiwe na matatizo mengine mazito ya akili yanayomzidi, na familia iwe nyuma yake. Mwaka 2011 walichapisha matokeo ya vijana 70, ambao hali zao za kihisia zilikuwa zimepata nafuu kiasi. Kliniki nyingi duniani ziliiga njia hiyo, nyingine zikayaacha masharti njiani.

7. Na Uingereza?

Kliniki ya watoto hawa ilianzishwa London mwaka 1989, na baadaye ikawa chini ya taasisi ya Tavistock. Mwaka 2011 ilianza utafiti wake wa kuwapa dawa watoto 44 wa miaka 12 hadi 15. Kabla matokeo hayajachapishwa, mwaka 2014, dawa ikawa tayari inatolewa kama huduma ya kawaida. Kwangu hilo ndilo kosa la msingi katika habari hii yote, na pande zote mbili wangeweza kukubaliana juu yake kama wangekaa meza moja: chungu kilipakuliwa kabla ya kuonjwa.

Matokeo yalitoka mwishoni mwa 2020. Hali ya kisaikolojia ya watoto, kwa wastani, haikupanda wala kushuka. Na kati ya 44, watoto 43 waliendelea hadi kwenye homoni. Wengine wanasema hiyo inaonyesha watoto walichaguliwa vizuri. Wengine wanauliza: kama ni nafasi ya kufikiri, mbona karibu wote walifikiri jambo moja? Takwimu peke yake haiwezi kuamua nani ana haki.

8. Ni kweli watoto waliofika kliniki waliongezeka sana?

Kweli. Mwaka 2009 walikuwa hawafiki 100. Mwaka wa 2021 hadi 2022 walikuwa zaidi ya 5,000. Sura yao nayo ilibadilika: wengi sasa walikuwa waliozaliwa wasichana, dhiki ikianza ujanani, wengi wakiwa pia na usonji, sonona au wasiwasi mkubwa. Kwa nini? Wako wanaosema unyanyapaa umepungua, wako wanaotaja mitandao na msongo wa vijana. Ripoti ya Cass (swali la 11) haikukubali sababu moja peke yake.

Wengi hawakudungwa kitu. Kati ya waliotoka mikononi mwa kliniki katika miaka yake ya mwisho, karibu mmoja tu kati ya wanne alipelekwa kwa daktari wa homoni.

## Marufuku

9. Nini hasa kimepigwa marufuku?

Yako mambo mawili, na magazeti huyachanganya.

La kwanza ni sera ya NHS England ya Machi 2024: dawa hizi hazitatolewa tena kama tiba ya kawaida ya dhiki ya kijinsia kwa watoto, isipokuwa ndani ya utafiti. Wakati huo waliokuwa wakizitumia kupitia NHS hawakufika 100.

La pili ni amri ya serikali ya tarehe 29 Mei 2024, iliyoanza kazi Juni 3. Hii ililenga kliniki za binafsi na vyeti vya dawa vya madaktari wa Ulaya, maana familia zilizokataliwa NHS zilikuwa zinapitia mlango huo. Ilikuwa ya miezi mitatu, ikarefushwa, ikafika na Ireland ya Kaskazini, na tarehe 11 Desemba 2024 ikafanywa ya muda usiojulikana. Itapitiwa upya mwaka 2027.

Inahusu walio chini ya miaka 18 wanaotaka kuanza dawa kwa sababu ya dhiki ya kijinsia. Waliokwisha kuanza, tazama swali la 20.

10. Ni siasa za chama gani?

Vyote viwili vikubwa. Amri ya kwanza ilitiwa saini na waziri wa afya wa Conservative, Victoria Atkins, wiki tano hivi kabla ya uchaguzi. Labour waliposhinda, waziri wao wa afya wakati huo, Wes Streeting, aliirefusha na kisha kuifanya ya muda usiojulikana, akitegemea ushauri wa tume ya dawa kwamba utaratibu wa kuziandika ulikuwa na hatari isiyokubalika. Shirika la waliobadili jinsia liliipeleka amri ya kwanza Mahakama Kuu, likashindwa Julai 2024.

11. Ripoti ya Cass ni nini?

Hilary Cass ni daktari bingwa wa watoto, aliyewahi kuwa rais wa chuo cha kifalme cha madaktari hao. Mwaka 2020 NHS ilimpa kazi ya kuichunguza huduma nzima. Ripoti ya mwisho ilitoka tarehe 10 Aprili 2024 ikiwa na mapendekezo 32. Ilisema ushahidi wa dawa hizi ni dhaifu, kliniki haikufuatilia watoto wake baada ya kuondoka, na dhiki ya kijinsia ilipewa macho yote huku sonona, usonji na mateso ya nyumbani vikisubiri nje ya mlango. Ilisema pia jambo ambalo washangiliaji wa marufuku huliruka: watoto hawa waliachwa kwenye foleni zaidi ya miaka miwili, na wanastahili huduma bora na heshima. Haikusema kwamba hawapo, wala kwamba wanajifanya.

12. Nilisoma kwamba Cass alitupa asilimia 98 ya utafiti. Kweli?

Si kweli. Chuo Kikuu cha York kilipima tafiti 50 za dawa za kusimamisha balehe na 53 za homoni. Mbili tu, moja kila upande, zilipata daraja la juu. Hapo ndipo 98 ilipozaliwa. Lakini za daraja la kati nazo zilitumika, hivyo jumla iliyoingia kwenye uchambuzi ni 60 kati ya 103.

13. Je, utafiti mpya upo?

Cass mwenyewe aliupendekeza. Jaribio lilikabidhiwa King's College London na kupata idhini Novemba 2025. Mpango wake ulikuwa watoto wapatao 220 walio chini ya miaka 16, kwa ridhaa ya wazazi, kura ikiamua nani aanze mara moja na nani asubiri mwaka mmoja. Ubishi ukawaka siku ileile. Wapinzani wa dawa waliuliza kwa nini watoto wajaribiwe kitu kilichotajwa kuwa hatari. Watetezi wake waliuliza kama ni haki mtoto kukosa mlango mwingine ila ule wa maabara. Hoja zote mbili zina uzito, nami sijasikia jibu linalozimaliza.

## Faida na madhara

14. Sindano ikiachwa, balehe inarudi?

Kwa kawaida mwili huanza tena kutoa homoni zake, na kwa watoto wa balehe ya mapema hilo limeonekana kwa miaka mingi. Tofauti ni hii: mtoto wa miaka sita anaachishwa dawa ili abalehe pamoja na wenzake, huyu wa miaka kumi na mitatu anasimamishwa wakati wenzake wanabalehe. Athari kwa ubongo unaokomaa hazijapimwa vya kutosha. Hadi 2020 tovuti ya NHS ilieleza kwamba athari zote zinarekebishika. Mwaka huo maneno yakabadilishwa kuwa machache yanajulikana kuhusu athari za muda mrefu.

15. Mifupa na uzazi je?

Mifupa hujijenga sana wakati wa balehe. Ikisimamishwa, ujenzi hupungua, na mtoto hubaki nyuma ya wenzake kwa uimara wa mifupa. Ndiyo maana hupimwa mara kwa mara.

Uzazi unategemea hatua. Dawa peke yake haijulikani kuwa inaondoa uzazi. Lakini mtoto akisimamishwa mapema kabisa kisha akaunganisha moja kwa moja na homoni, mayai au mbegu huenda visipate nafasi ya kukomaa. Nimeona wazazi wakinyamaza muda mrefu kwenye sentensi hiyo. Mtoto wa miaka kumi na miwili hana cha kusema kuhusu wajukuu. Mama yake anacho.

16. Watoto watajiua wakikosa dawa?

Hofu hii ilienea sana mwaka 2024. Serikali ilimwomba Profesa Louis Appleby, mshauri wake wa masuala ya kuzuia kujiua, azikague takwimu za kliniki ya zamani ya Tavistock. Alikuta kwamba hazithibitishi madai ya ongezeko kubwa la vifo baada ya dawa kubanwa kufuatia uamuzi wa mahakama wa 2020 (swali la 18), na akaonya kwamba kuwaambia vijana kuwa kifo ndicho kinachofuata kunaweza kuwadhuru.

Hiyo haina maana kwamba hawa watoto wako salama salimini. Wengi wana huzuni nzito. Mwanao akizungumzia kujidhuru, usibishane naye kuhusu jinsia siku hiyo. Kaa naye, piga 111 uchague namba 2 kwa afya ya akili, au 999 ikiwa ni dharura.

17. Ushahidi dhaifu si ndiyo ushahidi kwamba dawa ni mbaya?

Hapana. Ukiingia gizani usione nyoka, hujathibitisha kwamba hayupo, na hujathibitisha kwamba yupo. Ripoti ilisema taa haitoshi. Ubishi halisi ni wa nani abebe hatari wakati taa inatafutwa: mtoto anayepewa dawa isiyojulikana vizuri, au mtoto anayebalehe mwili anaouchukia na ambao hautarudi nyuma. Tiba nyingi za watoto zina ushahidi mdogo, husema watetezi. Nyingi hazigusi uzazi, hujibu wapinzani.

## Mabishano yanayoendelea

18. Mtoto anaweza kukubali tiba kama hii?

Sheria ya England, tangu uamuzi wa Gillick wa 1985, humruhusu mtoto wa chini ya miaka 16 kukubali tiba kama ana akili ya kuielewa. Keira Bell, aliyepewa dawa akiwa na miaka 16 na baadaye akajuta, alikwenda mahakamani. Desemba 2020 Mahakama Kuu ilisema si rahisi mtoto wa chini ya miaka 16 kuelewa matokeo yote. Septemba 2021 Mahakama ya Rufaa ikatengua: uamuzi ni wa madaktari, wagonjwa na wazazi, si wa majaji. Wanaomtaja Bell kama ushindi husahau nusu ya pili.

19. Nchi nyingine zimefanyaje?

Finland ilipunguza mwaka 2020, Sweden mwaka 2022. Huko ni miongozo ya afya, na mlango wa nadra umeachwa wazi. Wataalamu wa nchi za Kijerumani, kwenye mwongozo wa 2025, bado wanaziruhusu kwa kila mtoto kupimwa peke yake. Kwa hiyo "Ulaya nzima imepiga marufuku" ni uzushi.

Marekani mambo yamekwenda kwa mabunge. Arkansas ilitangulia mwaka 2021, majimbo mengi yakafuata, na tarehe 18 Juni 2025 Mahakama ya Juu, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliiacha sheria ya Tennessee isimame. Huko sheria nyingi hizo hukataza na homoni, jambo ambalo amri ya Uingereza haikufanya. Binamu yako wa Ohio na wewe wa Leicester hamzungumzii kitu kimoja.

## Familia zetu

20. Mwanangu alianza dawa kabla ya marufuku. Zitakatwa?

Amri iliwaachia waliokuwa tayari wanatumia kwa cheti cha Uingereza waendelee chini ya daktari. Usikatishe wala usipunguze mwenyewe.

21. Mwanangu ameniambia anajihisi hivi. Nianzie wapi?

Anza kwa kumsikiliza hadi amalize. Nimekaa vyumba ambamo mtoto alisema sentensi mbili na wazazi wakasema arobaini. Kumsikiliza si kuahidi sindano.

Kisha nenda kwa daktari wa familia. Hawezi kukupeleka moja kwa moja kwenye kliniki mpya za jinsia. Lazima mtoto apite kwanza kwa daktari wa watoto au huduma ya afya ya akili ya watoto. Foleni ni ndefu, basi omba msaada wa usingizi, huzuni au uonevu wa shuleni sasa hivi, usisubiri. Omba pia mkalimani. Ni bure, na usimtumie mtoto mwenyewe kutafsiri habari zake.

22. Shule inaweza kumpa dawa bila mimi kujua?

Haiwezi. Hata enzi za Tavistock, dawa ilitoka kwa daktari wa homoni baada ya vikao vya tathmini.

23. Shemeji yangu ni mfamasia Dar es Salaam. Anaweza kunitumia?

Asijaribu. Kuitoa nje ya masharti ni kosa la jinai hapa, na anayekuwa nayo huku ana sababu ya kujua imetolewa kinyume cha amri anaweza kushtakiwa pia. Na hata sheria ikiwekwa kando, dawa hii hufuatwa na vipimo vya damu na mifupa, na kifurushi cha shemeji hakiji na hivyo. Niliwahi kuulizwa hili na baba mmoja akiwa ameshalipia nauli ya mizigo. Alirudishiwa nusu.